Mchoro wa leso yangu umechapishwa bila idhini: nianzie wapi?

Swali: Assalaam alaykum. Nachora leso hapa Mombasa, kwa penseli kwanza kisha kwenye kompyuta. Mwezi wa Rajabu nilimtumia mfanyabiashara mmoja michoro minne kwa WhatsApp aone kama atapenda kuchapisha. Akanirushia shilingi 3,000 kwa M-Pesa, akasema ni za bando na rangi, kisha akanyamaza. Sasa mmoja katika ile michoro uko madukani Biashara Street. Rangi kabadilisha, jina (maneno yaliyoandikwa) kabadilisha, lakini mji (sehemu ya katikati) na pindo (ukingo unaouzunguka) ni vyangu, hata lile tawi la pembeni ambalo mstari wake nilisahau kuufunga. Sikusajili popote. Wapo wanaoniambia asiyesajili hana haki, na wapo wanaosema ukibadilisha asilimia 30 huguswi. Nifanye nini?

Jibu: Waalaykumu salaam dada. Tuanze kwa kuyaondoa hayo mawili uliyoambiwa, maana yote mawili si kweli, na yamewafanya wachoraji wengi wanyamaze walipokuwa na kesi nzuri mkononi.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki yako ilianza siku ulipoweka mchoro kwenye karatasi. Kifungu cha 22 kinataka mambo mawili tu: kazi iwe imetiwa juhudi ya kutosha kuipa sura yake yenyewe, na iwe imewekwa katika umbo linaloonekana au kushikika. Usajili si sharti, na kutosajili hakumzuii mwenye kazi kudai. Vitambaa vyenye picha na kazi za mikono na za sanaa ya viwandani zimetajwa ndani ya maana ya kazi ya sanaa, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba "leso ni nguo tu". Haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake, kwa hiyo hata wanao watairithi.

Hiyo asilimia 30 haimo katika sheria yoyote. Sawa na asilimia 10 au 20 zinazotajwa kwa wachapishaji wa fulana. Mahakama huuliza kama kilichochukuliwa ni sehemu kubwa ya kazi yako, na ukubwa huo hupimwa kwa uzito wake zaidi kuliko kwa eneo lake. Mtu anaweza kuchukua robo ya mchoro, lakini ikiwa ndiyo robo inayoufanya utambulikane kuwa ni ule, amekiuka.

Sasa tuitazame leso yenyewe, kwa sababu kesi yako itaamuliwa hapo.

Leso ina pindo, mji na jina. Jina liache kabisa. Methali na misemo mifupi haimilikiwi na mtu, na hata kama ulilitunga wewe, maneno sita au saba ni machache mno kuyajengea dai la hakimiliki. Kwa hiyo yeye kubadilisha jina hakumwokoi, wala wewe usilitaje katika madai yako. Rangi nazo ni hivyo hivyo. Katika uchapishaji wa leso kila rangi ina skrini yake, yaani fremu ya kupitishia wino, na kubadilisha nyekundu kuwa zambarau ni kubadilisha wino unaomiminwa kwenye skrini ile ile. Hakuna alichokichora. Wakili wako aliseme hili kwa maneno mepesi, kwa sababu hakimu ambaye hajaona kiwanda anaweza kudhani rangi mpya ni mchoro mpya.

Kwenye mji na pindo inabidi uwe mkweli nafsini mwako. Korosho, waridi, nanasi na vidoto vya kujazia ni mali ya kila mtu. Kisutu, ule mtindo wa leso wa kale, ni urithi, na hakuna wa kuudai. Ukienda ukisema "korosho ni yangu", utawekewa mezani leso za miaka 50 iliyopita na kesi itaishia hapo. Chako ni namna ulivyovipanga: korosho ngapi, zimeelekea wapi, zimeachana kwa nafasi gani, mishipa ya jani umeichora vipi, pindo lina upana gani ukilinganisha na mji, na pembeni matawi yanakutanaje. Andika orodha ya vitu hivyo kabla hujaenda popote. Usiandike "zinafanana sana". Andika "katika mchoro wangu, maua ya pindo la juu ni 14, la saba limegeuzwa kuangalia ndani, katika leso yake ni 14, na la saba limegeuzwa".

Na hapo ndipo lile tawi usilolifunga linapokuwa na thamani kuliko vitu vingine vyote ulivyonieleza. Hakimiliki haimzuii mtu aliyechora kitu kinachofanana na chako bila kukiona chako. Ni lazima uonyeshe kwamba alinakili, na njia ni mbili: alikuwa na nafasi ya kukiona, na mfanano hauwezi kuelezwa vingine. Nafasi ya kukiona imethibitishwa na WhatsApp. Mfanano unathibitishwa na kosa. Watu wawili wanaweza kuchora korosho nzuri zinazofanana, lakini hawawezi kusahau kufunga mstari ule ule, kwenye tawi lile lile, kwenye pembe ile ile. Usilirekebishe faili lako sasa! Najua mchoraji akiona kosa lake mkono unawasha. Liache.

Jambo linalonitia wasiwasi ni zile shilingi 3,000.

Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mlikubaliana vingine. Wachoraji wengi hawakijui kifungu hiki, nacho ndicho wakili wa upande wa pili atakachokishika kwanza: "Mteja wangu aliagiza mchoro, akalipa, ni wake." Jibu lako liko katika tarehe. Kazi haiwezi kuwa imeagizwa na mtu ambaye ilipofanywa alikuwa hajaomba chochote. Kama faili la mchoro ule ni la kabla ya ujumbe wako wa kwanza kwake, hakuna agizo. Kama ulichora kwanza, ukamtumia, kisha pesa zikaja, mpangilio huo wa saa na siku unazungumza kwa niaba yako. Na kama yeye mwenyewe aliandika kwamba pesa ni za bando na rangi, basi maneno yake yameeleza malipo hayo ni ya nini.

Hatari itakuwepo ikiwa mlizungumza kwanza kwa simu, akakwambia "nichoree kitu cha harusi", ndipo ukachora. Kama ilikuwa hivyo, mwambie wakili wako siku ya kwanza, usimfiche. Bado unaweza kuonyesha kwamba hamkuwa mmefikia makubaliano ya agizo, wala bei haikutajwa, ila hoja inakuwa ngumu zaidi na ni afadhali ijulikane mapema. Jambo moja zaidi: usimrudishie zile 3,000 kwa hasira. Kurudisha pesa bila maelezo ya wakili kunaweza kusomwa kama kukiri kwamba yalikuwa malipo ya mchoro.

Kuhusu ushahidi, fanya haya wiki hii, kabla hajasikia lolote.

Simu uliyotumia kumtumia michoro isiuzwe, isifutwe, isifanyiwe "reset". Hamisha mazungumzo yote na mtu huyo kwa ile njia ya WhatsApp ya kutoa soga pamoja na picha, ujitumie kwa barua pepe. Piga pia picha za skrini zinazoonyesha namba yake, tarehe na alama za buluu. Fahamu kwamba picha iliyopita WhatsApp imebanwa na kupoteza taarifa zake za ndani, kwa hiyo haitoshi kuonyesha ulichora lini. Inaonyesha tu ulituma lini. Tarehe ya kuchora inatoka kwenye penseli na kwenye faili asili lenye tabaka zake. Usilifungue faili hilo ukabonyeza kuhifadhi, kwa maana tarehe ya mabadiliko itageuka kuwa ya leo. Nakili folda nzima kwenye diski ya nje kama ilivyo, na ile karatasi ya penseli iweke kwenye bahasha ngumu. Kama uliwahi kujitumia mchoro kwa barua pepe au kuuweka Google Drive, tarehe ya huko ina nguvu kuliko ya kompyuta yako kwa sababu huwezi kuigusa. Pakua na taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule.

Vitu vya kielektroniki havipokelewi mahakamani hivi hivi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati ya uthibitisho iliyosainiwa na mtu anayehusika na kile kifaa, ikieleza kifaa ni kipi, kilikuwa kikifanya kazi sawasawa, na nakala ilitolewaje. Kwa simu yako mtu huyo ni wewe. Ushahidi mwingi wa WhatsApp hukataliwa kwa kukosa karatasi hiyo, ingawa maudhui yake yalikuwa ya kweli.

Kisha nunua leso. Nunua doti (jozi) mbili, tena mtume mtu mwingine asiyejulikana dukani. Adai risiti yenye jina la duka na tarehe, alipe kwa namba ya till ili ujumbe wa M-Pesa ubaki. Doti moja isifunguliwe kabisa. Nyingine ifungue, lakini usiifue wala usiipige pasi, kwa kuwa kitambaa cha pamba hujivuta na vipimo vitapotea. Itandaze sakafuni, piga picha kutoka juu, nzima kwanza, kisha kila pembe na rula ikiwa pembeni. Soma ukingo wa kitambaa. Kwa kawaida huchapishwa jina la mwenye chapa na namba ya mchoro, na hapo ndipo utajua kama aliyechapisha ni yule uliyemtumia au kuna wa pili nyuma yake. Mwisho, chapisha mchoro wako kwenye karatasi ang'avu kwa ukubwa ule ule wa pembe ile, uulaze juu ya kitambaa. Mistari ikikaa juu ya mistari, picha hiyo moja inatosha kuliko kurasa kumi za maelezo.

Ukishakuwa na hivyo, wakili aandike barua ya madai. Barua nzuri ni fupi: mchoro ni upi na ulichorwa lini, ulimfikia vipi, pointi za mfanano zikiwa na namba na picha za ubavu kwa ubavu, kisha unachotaka. Dai mambo manne: aache kuuza, aeleze alichapisha doti ngapi na amebakiwa na ngapi, akabidhi zilizobaki pamoja na skrini au faili za kuchapishia, na alipe. Mpe siku 14. Iwataje pia wale wenye maduka ya rejareja, au watumiwe barua yao ya upole. Sababu yake ni kwamba mwenye duka ambaye hakujua wala hakuwa na sababu ya kushuku ana utetezi wa nia njema. Akishapokea barua yako, utetezi huo umekwisha. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyechapisha nje ya nchi, kwa sababu kuingiza nchini bidhaa ya kuuza huku ukijua imevunja hakimiliki ni ukiukaji peke yake, hata kama mashine iliyochapisha iko China au India.

Usipandishe Instagram picha ya duka lake ukaandika "mwizi". Unaweza kuwa na haki ya hakimiliki na bado ukashtakiwa kwa kumchafulia mtu jina, na ghafla mazungumzo yenu ya fidia yanageuka kuwa ya kusameheana. Kama yeye ndiye anayeitangaza leso hiyo Facebook au Instagram, tumia fomu yao ya kuripoti ukiukaji wa hakimiliki. Ni ya bure, na haihitaji cheti.

Kuhusu kiasi cha pesa: sheria inakuruhusu, badala ya kuthibitisha hasara shilingi kwa shilingi, kuchagua kulipwa mrabaha wa haki ambao mtu aliyeomba leseni angekulipa. Kwa mchoraji binafsi hii ndiyo njia rahisi. Kwa mfano wa hesabu tu: kama kwa michoro yako mingine unalipwa shilingi 20 kwa doti, na yeye amechapisha doti 3,000, msingi wa madai ni shilingi 60,000, kabla ya gharama. Kwa hiyo tafuta mikataba au risiti zako za zamani zinazoonyesha unalipwaje. Ukiiona hesabu hiyo mapema utajua pia lini ukubali suluhu. Kesi ya Mahakama Kuu kwa ajili ya shilingi 60,000 itakula zaidi ya hizo.

Asipojibu, una milango mitatu. KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ina wakaguzi na waendesha mashtaka wake, na kuuza nakala haramu ni kosa la jinai. Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi hupokea malalamiko ya mwenye haki na inaweza kukamata mzigo dukani, ghalani au bandarini. Mlango huu ndio wa kukimbilia ukipata habari kwamba kontena jingine liko njiani. Mahakama ndiyo inayotoa fidia na amri ya zuio. Kwa zuio la muda, kipimo bado ni kile cha kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: uonyeshe kesi yenye uwezekano wa kushinda, madhara ambayo pesa haziwezi kuyarekebisha, na ikibaki shaka, mizani ya usumbufu, yaani nani ataumia zaidi amri ikitolewa au ikinyimwa. Mtu aliyeona leso yake sokoni akakaa miezi minane ndipo akaomba amri ya haraka huulizwa haraka hiyo ilikuwa wapi.

Je, usajili sasa una maana? Una maana, na ufanye kabla ya barua ya madai kutoka. Cheti cha KECOBO ni ushahidi wa awali kwamba kazi ni yako, kwa hiyo mzigo wa kupinga unamwangukia yeye. Maombi hufanywa mtandaoni kwenye mfumo wao. Andaa kitambulisho, nakala safi ya mchoro, na tarehe ya kuchora. Andika tarehe ya kweli, si ya siku unayojaza fomu. Kosa hilo dogo ni la kawaida, nalo hugeuza cheti kuwa silaha ya mpinzani, kwa sababu kitasema mchoro wako umezaliwa baada ya leso yake.

Usichanganye hiyo na usajili wa ubunifu wa viwandani, ambao uko KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya. Huo hulinda mwonekano wa bidhaa: mistari, rangi au umbo linaloipa sura ya pekee. Muda wake ni miaka 5, unahuishwa mara mbili, jumla 15. Ni mfupi kuliko hakimiliki, lakini una nguvu moja ambayo hakimiliki haina: huna haja ya kuthibitisha kwamba mtu alinakili. Hata aliyefika kwenye mchoro ule peke yake anazuiwa. Sharti lake ni upya. Kitu ambacho tayari kinauzwa sokoni ni vigumu kukiita kipya, hivyo muulize wakili kabla ya kulipa ada kwa mchoro huu uliokwisha sambaa. Itumie kwa mchoro unaotarajia utauzwa miaka mingi, na uombe kabla ya maonyesho na kabla ya Instagram. Ukitaka kuulinda nje, una miezi 6 tangu siku ya ombi la kwanza kudai tarehe hiyo hiyo katika nchi nyingine za Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa mali ya viwanda.

Wasomaji wa Tanzania watambue kwamba kwa upande wa Bara sheria ni Namba 7 ya 1999, inayolinda pia sanaa tumizi, ya mkono au ya kiwandani, na usajili uko COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huko. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Cheti cha upande mmoja si cha upande wa pili. Haki yenyewe inavuka mipaka kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, lakini karatasi za ushahidi ni bora ziwe za pale unaposhtaki.

Mchoro ujao usiondoke kwako ukiwa mzima. Tuma picha ndogo, ya ubora wa chini, yenye jina lako limepita katikati ya mji, na uonyeshe robo ya leso tu. Pindo moja na pembe moja zinatosha mfanyabiashara kuamua. Juu ya picha andika sentensi hii: "Mchoro huu ni wangu, umetumwa kutazamwa tu, hauchapishwi bila mkataba wa maandishi." Akikubali, mkataba utaje idadi ya doti, rangi, muda, na mrabaha kwa doti. Kisha usisahau vitu viwili vinavyovuja zaidi. Kimoja ni ziada: kiwanda hukimbiza mita zaidi ya oda ili kufidia zenye kasoro, na hizo huishia kuuzwa. Andika ziada isizidi asilimia ngapi na ihesabiwe kwenye mrabaha. Cha pili ni skrini. Mwenye skrini anaweza kuchapisha usiku wa manane bila kukuuliza, kwa hiyo mkataba useme ni zako na zitarudishwa au kuharibiwa ukiwepo. Na kwenye ukingo wa kitambaa lichapishwe jina lako na mwaka, ili asiwepo wa kusema hakujua ni ya nani.

Imebaki michoro ile mingine mitatu, ambayo bado iko kwenye simu yake. Isajili KECOBO pamoja na huu, kwa siku moja. Kisha barua ya wakili iitaje yote minne kwa picha, iseme kwamba hakuna hata mmoja uliopewa idhini, hata kama madukani umeonekana mmoja tu.